Kuzisoma Alama za Meli: Ijue Njia Yako Kabla Chombo Hakijang'oa Nanga

Katika masomo yaliyotangulia tulieleza haki za abiria kuhusu tiketi, mizigo na ucheleweshaji wa safari. Somo hili linahusu jambo ambalo wengi hulipuuza hadi saa ya kulihitaji, nalo ni namna ya kuitambua njia ndani ya meli. Tunakusudia kwamba ukilimaliza, msomaji, uweze kufanya mambo matatu: kuzielewa alama zilizobandikwa melini, kuipata njia yako hata pale alama hizo zinapokanganya, na kudai marekebisho pale zinapokuwa na kasoro.

Kwa nini watu hupotea melini

Wahenga walisema, "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Katika jahazi methali hiyo haihitaji maelezo. Jahazi ni chombo cha wazi, na aliye katikati huiona omo na tezi bila kusogea. Meli ya abiria ya leo si hivyo. Meli kubwa ya utalii ina sitaha kumi au zaidi, korido ndefu zisizo na dirisha, milango inayofanana na zulia la aina moja kila mahali. Hata boti ya kivuko yenye sitaha mbili au tatu humkanganya abiria aliyeingia kwa mlango wa ubavuni na kupandishwa ngazi kwa haraka katikati ya msongamano.

Alama zinapaswa kuuondoa mkanganyiko huo, lakini mara nyingine huuzidisha. Tumeziona sababu nne.

Ya kwanza ni majina ya sitaha. Kibao cha kwenye ngazi hutaja nambari, ramani ya ukutani hutaja jina, na tiketi hutaja daraja tu. Nambari huhesabiwa kutoka chini kwenda juu, na meli nyingi za utalii huiruka 13 kwa kuogopa mkosi, hivyo baada ya sitaha ya 12 hufuata ya 14.

Ya pili ni kwamba si kila sitaha hupitika kutoka mwanzo hadi mwisho. Jiko au ukumbi wa chakula huweza kuikata katikati. Abiria huifuata alama ya mgahawa ulio nyuma ya meli, akaishia kwenye ukuta. Njia yake ya kweli ni kupanda sitaha moja, kupita juu ya jiko, kisha kushuka. Na kibao hakikumwambia hivyo.

Ya tatu ni ushindani wa mwanga. Matangazo ya duka na baa hung'aa, ilhali kibao cha mlango wa dharura ni kidogo na pengine kimefichwa na pazia au mzigo.

Ya nne ni lugha. Meli huweza kuundwa katika nchi moja, ikatumika katika nchi ya pili, kisha ikauzwa katika nchi ya tatu, huku vibao vyake vya awali vikibaki. Abiria wa Pemba au wa Bukoba asiyejua lugha hiyo huachwa akibahatisha.

Omo, tezi, kulia na kushoto

Msingi wa kuijua njia melini ni pande nne zisizobadilika. Omo ni mbele ya meli na tezi ni nyuma yake. Kulia na kushoto kwa meli huhesabiwa kwa mtu anayetazama omo. Ukigeuka kutazama tezi, mkono wako wa kulia utakuwa kwenye upande wa kushoto wa meli. Hapa ndipo wengi wanapokosea.

Vibao vingi vimeandikwa kwa Kiingereza, mara nyingi kwa kifupi. Ni vyema kuyakariri maneno manne. "FWD" ni upande wa omo, "AFT" ni upande wa tezi, "PORT" ni kushoto kwa meli, na "STBD" ni kulia kwake. Tunasisitiza neno la tatu kwa sababu katika Kiingereza neno hilohilo humaanisha pia bandari. Usidhani kwamba ni upande uliofungwa gatini au ambao abiria hushukia.

Nambari za vyumba pia husaidia. Katika meli kubwa tarakimu za mwanzo kwa kawaida hutaja sitaha. Katika meli nyingi vyumba vya nambari shufwa huwa upande mmoja na vya witiri upande wa pili. Makampuni hayakubaliani ni upi upande wa shufwa, kwa hiyo thibitisha mwenyewe kwa kutazama omo mara tu uingiapo.

Rangi na maumbo

Pale maneno yanaposhindwa, rangi husema. Katika alama za usalama, kijani huonyesha njia ya kutokea, mahali pa kukusanyika na vifaa vya kuokolea maisha. Nyekundu huonyesha vifaa vya kuzimia moto. Buluu hutoa amri, kama vile kuvaa jaketi okozi. Manjano hutahadharisha juu ya hatari. Usizichanganye rangi hizi na taa za nje za meli, ambazo ni nyekundu upande wa kushoto na kijani upande wa kulia. Hizo ni za kuwaongoza manahodha.

Alama moja ya kijani tunamtaka kila msomaji aitambue. Ina kundi la watu katikati na mishale minne inayowaelekea kutoka pembeni. Hiyo ndiyo alama ya kituo cha kukusanyikia, yaani mahali ambapo abiria huhesabiwa na kupewa maelekezo wakati wa dharura. Meli kubwa huwa na vituo vingi, na kila kimoja hupewa herufi au nambari. Abiria ana kituo chake, nacho si lazima kiwe kilicho karibu naye.

Mshale nao unahitaji kusomwa kwa makini. Mshale unaoelekea juu kwa kawaida humwambia mtu aende mbele moja kwa moja. Mshale wa mshazari huonyesha kupanda au kushuka. Ukiona mshale wa juu karibu na ngazi na ukashindwa kujua kama unakuamuru kupanda au kupita, muulize baharia wakati huo huo, angali ana nafasi ya kukujibu.

Funzo la Scandinavian Star

Huenda msomaji akauliza kama kuna haja ya kuyajua yote haya kwa safari ya starehe. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 1990, meli ya Scandinavian Star ilikuwa njiani kutoka Oslo, Norwei, kwenda Frederikshavn, Denmark. Moto ulizuka kwenye korido za vyumba vya kulala. Wafanyakazi wengi walikuwa wageni katika meli hiyo, na baadhi yao hawakuwa na lugha ya kuelewana na abiria. Watu 159 walipoteza maisha, wengi wao kwa moshi wenye sumu, wakiwa vyumbani mwao au kwenye korido.

Moshi hupanda. Kibao kilichowekwa juu ya mlango ndicho cha kwanza kufunikwa, na mtu aliyekitegemea hubaki hana kitu. Kwa sababu hiyo SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, huzitaka meli zinazochukua abiria zaidi ya 36 ziweke taa au mikanda ing'aayo gizani kando ya njia za kutokea, isiyozidi sentimita 30 kutoka sakafuni. Ukiingia melini, ishushe macho yako uitafute mistari hiyo.

Funzo la pili lilitoka Italia. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya utalii ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, na watu 32 wakafa. Wakati ule kanuni iliruhusu zoezi la kukusanyika lifanywe ndani ya saa 24 baada ya abiria kupanda, na baadhi yao walikuwa bado hawajalifanya. Tangu tarehe 1 Januari 2015 zoezi hilo hufanywa kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Ni vyema kufahamu kwamba SOLAS huhusu hasa safari za kimataifa. Vivuko na boti za safari za ndani hufuata sheria za nchi husika. Kwa hiyo huwezi kutarajia kila kitu kilichotajwa hapa katika kila chombo, na uangalifu wako mwenyewe huwa na uzito mkubwa zaidi.

Robo saa ya kwanza

Tunapendekeza kwamba robo saa ya kwanza uitumie kama ifuatavyo, kabla ya kutafuta chakula au kupiga picha.

1. Tambua omo iko wapi, kisha kulia na kushoto kwa meli.
2. Soma mpango uliobandikwa nyuma ya mlango wa chumba au ukutani. Tafuta nukta inayoonyesha ulipo. Upige picha kwa simu.
3. Tembea kwa miguu hadi kituo chako cha kukusanyikia. Usitumie lifti, kwa kuwa wakati wa dharura haitatumika.
4. Rudi kwa njia ya pili. Njia moja haitoshi, kwani huweza kuzibwa.
5. Hesabu milango iliyo kati ya chumba chako na ngazi, ukiugusa ukuta kwa mkono. Katika boti, hesabu safu za viti hadi mlangoni. Hesabu hiyo itakufaa gizani.
6. Jua majaketi okozi yalipo, na uulize ya watoto.
7. Kubalianeni na jamaa zako kwamba mkitengana mtakutana kituoni, wala si chumbani.

Kariri pia mlio wa dharura wa meli: honi fupi saba au zaidi, kisha moja ndefu. Ukiusikia, acha mizigo, vaa jaketi, na uende kituoni. Penye moshi, inama na uifuate mistari ya sakafuni.

Haki yako na namna ya kulalamika

Kuelekezwa ni sehemu ya huduma uliyoilipia. Unayo haki ya kumwuliza mfanyakazi yeyote akuonyeshe mlango wa dharura na kituo chako, na kuelezwa kwa lugha unayoielewa. Usione haya. Mzee asiyejua kusoma, mgeni na mtoto wana haki hiyo sawasawa na msafiri mzoefu.

Ukikuta mlango wa dharura umefungwa kwa kufuli, njia imezibwa kwa mizigo, au alama imefutika, mwarifu kwanza baharia aliye karibu. Kisha andika jina la chombo, tarehe, saa, sitaha na upande, na upige picha ikiwezekana. Iandikie kampuni na uhifadhi nakala pamoja na tiketi yako. Usiporidhika na majibu, peleka lalamiko kwa mamlaka: Tanzania Bara ni TASAC, Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, na Kenya ni Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Lalamiko lenye mahali na saa hufuatiliwa kwa urahisi kuliko lile linalosema tu kwamba meli ilikuwa mbaya.

Maswali ya kujipima

1. Umesimama ukiitazama tezi. Upande wa kushoto wa meli uko mkono wako upi?
2. Kibao kimeandikwa "PORT". Je, kinakuelekeza bandarini?
3. Kwa nini mikanda ing'aayo huwekwa karibu na sakafu?
4. Mlio wa dharura una honi ngapi, na za namna gani?
5. Katika safari yako ya mwisho, ungeweza kufika mlangoni taa zikizimika?

Swali la tano halina jibu katika kijitabu hiki. Kama jibu lako ni hapana, lianze somo hili upya utakapopanda chombo kingine, kingali kimefungwa gatini.