Wajibu wa Mwenye Ilimu kwa Mtoto Mdogo Atumishwaye

Jueni, ndugu Waislamu, ya kuwa ilimu ni amana, na aliyewekewa amana ataulizwa. Na katika atakayoulizwa mwenye ilimu wa pwani hii ni khabari ya mtoto mdogo aliyetumishwa kazi ya mtu mzima mbele ya macho yake, naye akanyamaza.

Mji wa Bagamoyo una ushahidi wake. Zama za misafara, watoto waliotekwa bara walifikishwa pwani pamoja na pembe za ndovu, wakauzwa. Mmoja wao alitoka upande wa Kongo ya mashariki, akanunuliwa na tajiri wa mji, Amir bin Suleiman al-Lamki. Mtoto huyo alipata kusoma, akawa Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, khalifa wa Twarika ya Kadiria na mwalimu wa wengi, hata alipofariki mwaka 1931. Sayyid Barghash alikubali kukataza biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Basi na azingatie mwenye akili: wangapi walikuwa na akili kama ile, wakafa hali hawakushika hata juzuu?

Leo hapana mnada wa watoto. Lakini apitaye ufukweni alfajiri huwaona watoto wakipara samaki na kuvuta nyavu, na huko Kunduchi wamepata kuonekana wakipasua kokoto. Na katika nyumba za mjini wamo wasichana walioletwa kutoka mashamba, wakilea watoto wa wenzao.

Suala: Je, mtoto asimsaidie mzazi wake?

Jawabu: Kumsaidia mzazi na kujifunza ufundi ni adabu njema. Kibaya ni kazi imzuiayo chuo na skuli, au imdhuruyo mwili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa kuanza kazi, nayo iwe nyepesi. Na kazi ya hatari imekatazwa kwa aliye chini ya miaka 18. Na katika fikihi, nafaka ya mtoto mdogo asiye na mali i juu ya baba yake.

Suala: Na baba akiwa fukara?

Jawabu: Hapo wajibu huwaendea wenye wasaa. Ada ya skuli za serikali imeondolewa hata kidato cha nne tangu mwaka 2016, lakini sare, madaftari na chakula hutaka fedha. Fukara na maskini ni katika watu wanane wapewao zaka. Basi na igawanywe kwa kuwajua, nyumba kwa nyumba.

Suala: Mwenye ilimu aanzie wapi?

Jawabu: Aanzie kwake. Mwalimu awatumaye wanafunzi kukata kuni na kulima shamba lake saa ya kusoma, amekula wakati ambao wazazi waliutoa kwa ajili ya ilimu. Na msomi aliyemweka mtoto wa mwenziwe jikoni, hali wake yuko skuli, atawaambia nini wavuvi? Akiisha kujitengeneza, ndipo khatibu aseme juu ya mimbari, na mwalimu amfuate kwao mtoto aliyekosekana darasani, kwa upole, pasipo kumwaibisha mzazi.

Mwenyezi Mungu awaafikishe wenye ilimu kutenda wayajuayo. Amin.