Jogoo wa Uriri: Mafunzo Niliyopata Nikiwa Paroko

Nilifika Uriri na masanduku mawili ya vitabu, kanzu tatu na Kiluo cha kubahatisha. Mimi ni Mkuria wa upande wa Isebania. Kutoka kwetu hadi Uriri ni mwendo wa kupita mji wa Migori tu, lakini siku ile niliona kama nimevuka nchi. Jimbo letu la Homa Bay, lililomegwa kutoka Jimbo la Kisii mwaka 1993, linashika kaunti mbili nzima, Homa Bay na Migori, na askofu akikutuma unakwenda. Falsafa nilisoma Mabanga, teolojia Tindinyo. Haya ninayoyaandika nilifundishwa na watu wa Uriri, na nayaandika nikiwafikiria vijana walioko seminari leo.

1. Katekista ndiye mwenyeji

Paroko na msaidizi wake hawawezi kuwa kila kigango kila Jumapili. Kigango cha mbali huona Misa mara moja kwa mwezi, mvua ikiruhusu. Jumapili zinazobaki katekista ndiye anayeongoza Ibada ya Neno, ndiye anayefundisha wakatekumeni, ndiye anayejua nani ameacha kusali na kwa nini. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua katika miaka ya 1970 kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo, mzigo mkubwa wa uamuzi huo uliangukia mabega ya watu hawa, ambao posho yao haitoshi hata kununua tairi ya baiskeli.

Katekista wangu alinifunza kusema. Kiluo ni lugha ya kupanda na kushuka kwa sauti. Neno *kendo* peke yake laweza kuwa mafiga, laweza kuwa kuoa, laweza kuwa tena. Nilipokosea mimbarini hakuguna wala hakunikatiza. Alingoja watu watawanyike, akanifuata hadi sakristia, akanitamkia neno mara tatu, nami nikalirudia mara tatu. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kujua. Nimewasikia mapadri wakiwakaripia makatekista wao mbele ya waumini, na kila mara namkumbuka yule mzee akifunga mlango wa sakristia kwanza.

2. Simu ya mgonjwa haingoji kikao kiishe

Hili nililipia, na bado linaniuma.

Ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Tulikuwa katika kikao cha ujenzi, tunabishana juu ya mabati. Simu ikaita: mama mmoja wa kigango cha mbali anazidiwa, anaomba mpako. Nikajibu nakuja. Kisha nikakaa. Nilitaka tumalize hoja ya mabati, halafu hoja ya fundi, halafu sala ya kufunga. Tukatoka saa mbili, mvua imeshaanza.

Barabara ya kule ni ya kupita kati ya miwa, na udongo wake mweusi ukilowa hushika gurudumu kama gundi. Mara mbili tulishuka tukaisukuma pikipiki. Mafuta ya wagonjwa yalikuwa mfukoni mwa shati, katika kichupa kisichozidi kidole gumba, na niliyasikia yakinigusa kifuani kila tulipoyumba. Tulipofika mama alikuwa amekata roho, hata nusu saa haijapita. Sakramenti ni za walio hai. Marehemu huombewa, hapakwi. Nikafunga kichupa nilichokuwa nimeanza kukifungua.

Katekista alikuwa ameketi chini kando ya godoro. Alikuwa hapo tangu mchana. Rozari yake ilikuwa bado imezungushwa kwenye kifundo cha mkono wa yule mama. Mtoto mkubwa wa marehemu akaniletea kiti, akaninawisha, mkewe akaweka ugali na omena. "Padri, umepita njia mbaya," akasema. "Kula kwanza."

Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Tangu siku hiyo kichupa hakikai tena kabatini, na kikao chochote nikikiongoza wajumbe wanajua naweza kuinuka katikati ya sentensi.

3. Kipaza sauti cha mazishi kina mwenyewe

Jumamosi nyingi za paroko wa huku ni za mazishi. Watu huja kwa mamia, hema linasimamishwa uani, na mara tu Misa inapoisha wanasiasa wanaomba "dakika mbili". Mwanzoni niliona haya kukataa. Nikaona wajane wakikaa juani saa tatu nzima, jeneza liko mbele yao, wakisikiliza habari za uchaguzi. Sasa namkalisha mjane kabla ya mbunge, na ratiba tunaikubaliana na familia usiku wa mkesha. Anayetaka kutoa rambirambi ampe mfiwa mkononi.

Ilinipa nguvu kuona Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi, ambaye alikuwa askofu wetu Homa Bay tangu 2003 hadi 2018, akiagiza Novemba 2024 kwamba fedha alizotoa Rais William Ruto katika kanisa la Soweto, Nairobi, zirudishwe: shilingi 600,000, zikiwemo za kwaya, na milioni 2 za nyumba ya mapadri. Najua uzito wa uamuzi huo, kwa sababu najua nyumba ya mapadri inayovuja ilivyo.

4. Hesabu ya parokia ifuate miwa

Muwa mpya hukaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa, na malipo yanaweza kuchelewa baada ya hapo. Ukitangaza mavuno ya kanisa kwa kalenda ya ofisini utawaaibisha watu bure. Ngoja trekta zipite. Mwenye kuku alete kuku.

5. Jirani mwenye kanzu nyeupe ni ndugu

Legio Maria ni kanisa lililozaliwa hukuhuku Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, likiongozwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, na wengi wa waliolianza walitoka kwetu Wakatoliki. Got Kwer, mlima wao mtakatifu alikozikwa Ondeto mwaka 1991, uko katika kaunti hii ya Migori. Karibu kila boma la Kikatoliki nililoingia lina shangazi au mjomba wa Legio. Nilikuja na hoja nyingi za kuwapinga. Kisha nikazika bibi mmoja ambaye watoto wake ni nusu kwa nusu, nikawasikia wazee wao wakisali Kilatini ambacho sisi tuliacha kukitumia baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Tofauti za imani zipo, nami sizifichi nikiulizwa. Lakini kaburini walishika majembe nasi, na tuliimba pamoja wimbo wa Bikira Maria hadi udongo ukajaa.

6. Padri naye huulizwa dala

Mzee mmoja wa Kanyamkago, jirani wa kanisa, alikuwa akija kibarazani kwangu jioni. Siku moja akaniuliza, "Padri, dala yako iko wapi?"

Nikamwonyesha nyumba ya parokia.

"Hiyo ni ya askofu," akasema. "Nauliza yako."

Mjaluo hafungui dala, yaani boma lake, hivihivi. Hutoka kwa baba yake alfajiri pamoja na mke na mtoto wake wa kwanza wa kiume. Jogoo, shoka na moto vinabebwa. Kabla ya hapo kijana hulala *simba*, kibanda cha asiye na mke, karibu na lango. Yule mzee akatazama nyumba yangu iliyojengwa kando ya geti la kanisa, akasema kwa upole, "Basi wewe bado uko simba." Kisha akauliza lililomleta hasa: "Utazikwa wapi?"

Huku hilo si swali dogo. Wakili S.M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake na ukoo walishtakiana miezi kadhaa kuhusu mahali pa kumzika, hadi akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Mwanamume akifa bila nyumba hujengewa kibanda kwanza ndipo azikwe. Nikamjibu, "Jaduong', mapadri wa jimbo huzikwa pale askofu atakapoamua." Akanyamaza sana. Nami nilikuwa nimeahidi useja na utii siku ya ushemasi, nikidhani nimeelewa ninachokitoa. Nilielewa jioni ile, kwenye kile kibaraza, mbele ya mtu aliyenihurumia kwa dhati.

Barua ya uhamisho ilikuja kama zinavyokuja zote, aya mbili na muhuri. Asubuhi ya kuondoka tulikuwa tunapakia vitabu nilipomwona mzee akija taratibu na fimbo, kwapani amebana jogoo mwekundu, miguu imefungwa kamba ya katani. Akamweka kwenye kiti cha nyuma yeye mwenyewe, kati ya masanduku.

"Shoka utapata huko," akasema.

Jogoo aliwika tulipokuwa tunapita Awendo.