SOMO LA MWEZI: KWA NINI PESA ZA BINTI ZIMEPUNGUA?



Katika kutembelea vikundi tulimkuta mama mmoja amenuna. Binti yake ni mfanyakazi wa nyumbani huko Saudi Arabia. Mwanzoni mwa 2024 pesa alizotuma zilifika kama shilingi 38,000 kwa mwezi. Mwisho wa mwaka hazikufika hata 31,000. Jamaa wakasema, "Huyo amepata mwanamume, ametusahau." Mama akaacha hata kupokea simu yake. Tuliketi naye tukashika kalamu na karatasi. Kumbe binti hakupunguza hata riyali moja!

1. Tupige hesabu

Tangu 1986 Saudi Arabia imefunga riyali yake kwa dola: riyali 3.75 ni dola moja, mwaka nenda mwaka rudi. Shilingi yetu haikufungwa. Hapa Kenya sheria ya kudhibiti fedha za kigeni ilifutwa 1995, na bei ya dola hupanda na kushuka sokoni, kama bei ya mahindi. Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160. Desemba ikawa karibu 129.

Binti alituma riyali 900 kila mwezi, yaani dola 240.
- Januari: 240 x 160 = sh. 38,400
- Desemba: 240 x 129 = sh. 30,960

Tofauti ni sh. 7,440. Hakuna aliyeiba. Shilingi ilipata nguvu, basi.

Kuna pia anayetuma. Yeye hula mara mbili: kwanza ada, halafu bei ya kubadilisha iliyo chini kidogo ya ile ya soko. Kwa hiyo binti asiulize ada tu. Aulize hivi: "Nikitoa riyali 900, nyumbani zitafika shilingi ngapi?" Aulize mahali pawili au patatu, ndipo achague.

2. Sheria za huko

Mfanyakazi mgeni hufungua akaunti ya benki kwa iqama, yaani kitambulisho cha mkaazi. Tangu Julai 2024 serikali ya huko ilianza kuwataka waajiri walipe wafanyakazi wa nyumbani kupitia mtandao wake uitwao Musaned, si mkononi. Ilianza na mikataba mipya, wengine wakaingizwa kwa awamu hadi Januari 2026. Faida yake ni kubwa: anayenyimwa mshahara ana ushahidi.

Lakini tahadhari! Rafiki akisema, "Nitumie hizi kwa jina lako," akatae. Pesa zikizidi mshahara wake, benki itauliza zimetoka wapi, na mwenye jina ndiye atakayejibu. Vilevile kutuma kupitia mtu asiye na leseni ni kosa, na pesa zikipotea hana pa kushtaki.

3. Upande wetu nyumbani

Kabla hajasafiri, binti afungue akaunti hapa kwa jina lake mwenyewe. Wakubaliane na wazazi: kiasi hiki ni cha karo na chakula, kiasi hiki ni akiba yake, hakiguswi. Tumeona wengi wakirudi baada ya miaka miwili, wakakuta hakuna ng'ombe wala ploti, ila madeni. Na jamaa wapange matumizi kwa bei ya chini ya dola. Ikipanda, ziada iende akiba.

Yule mama alimpigia bintiye siku hiyo hiyo. Walilia kwanza, ndipo wakaongea.

Maswali ya kujadiliana
1. Katika kikundi chetu, nani ana mtoto nje? Anajua mtoto anatuma riyali ngapi, au anajua shilingi tu?
2. Leo dola ni shilingi ngapi? Pigeni upya hesabu ya riyali 900.
3. Ni maneno gani tumewahi kumsema mtoto kabla ya kuuliza?
4. Tutafanya nini, nani atafanya, na lini?