SOMO: CHENJI ILIPOADIMIKA MAREKANI, 1862–1864



Katibu aliyewahi kufungua duka la chama bila chenji aijua adha yake: mnunuzi ana noti, bidhaa ipo, na biashara haifanyiki. Somo hili lahusu nchi iliyopatwa na hali hiyo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianza mwaka 1861. Mwishoni mwa mwaka huo mabenki yalisimamisha malipo ya dhahabu. Watu wakaficha dhahabu, kisha fedha, na mwaka 1862 hata senti za shaba na nikeli. Serikali iliruhusu stempu za posta zitumike badala ya sarafu, lakini zilinatana mifukoni na kuchakaa upesi.

Hapo wenye maduka na mafundi wa mihuri wakafua vipande vyao vya shaba, vyenye ukubwa wa senti. Vingine vilikuwa na jina la duka. Vingine vilikuwa na bendera, tai, au maneno ya kuusifu Muungano, pasipo jina la mtoaji. Inakadiriwa kuwa vilifikia milioni 25. Baadhi viliandikwa kwamba si senti moja, lile neno “si” likiwa dogo mno hata halionekani!

Kila kipande kiligharimu chini ya thamani yake, na tofauti ikawa faida ya mtoaji. Kwa maneno mengine, mtoaji alikuwa amekopa kwa umma. Gustavus Lindenmueller, mwenye baa mjini New York, alitoa zaidi ya milioni moja. Inasimuliwa kwamba kampuni ya reli ya Third Avenue, iliyovipokea kama nauli, ilimpelekea avibadilishe kwa fedha halali. Alikataa, na kampuni haikuwa na la kufanya. Naye aliyeshika kipande cha bendera tu, angekipeleka kwa nani?

Sheria ya tarehe 22 Aprili 1864 ilileta senti mpya nyepesi, inayofanana sana na vipande vile. Ile ya tarehe 8 Juni ikapiga marufuku sarafu zote za watu binafsi. (Heller za Tabora za mwaka 1916, ndugu ya neno letu “hela”, zilikuwa za vita pia, lakini zilitolewa na serikali ya Wajerumani.)

Swali la kujadiliwa kikundini: Chama kinapompa mkulima hati badala ya fedha za mazao yake, ni nani ametia sahihi, na fedha za kuilipa zimewekwa wapi?