Sauti ya Adungu katika Jedwali la Hesabu

Ninyi mliosoma zamani bila shaka mnakikumbuka kile kitabu cha majedwali ya logarithimu. Hamkuwa na haja ya kupiga hesabu upya kila mara; jibu lilikwisha kutayarishwa, kazi ilikuwa kulitafuta tu. Kompyuta nayo hutoa sauti kwa njia hiyo hiyo. Max Mathews wa Marekani alianza kuipigisha kompyuta muziki mwaka 1957.

Sauti ni mtetemo. Uzi wa adungu, kinanda cha Waalur, ukipigwa huenda huku na huku, na mwendo huo ukichorwa huwa mawimbi. Twaa wimbi moja kamili, uligawe sehemu 16 zilizo sawa, upime kimo cha kila sehemu, 128 ikiwa katikati. Wimbi laini kuliko yote hutoa namba hizi:

128, 177, 218, 245, 255, 245, 218, 177, 128, 79, 38, 11, 1, 11, 38, 79.

Kompyuta huzisoma moja moja, ikifika mwisho hurudi mwanzo. Tukitaka mawimbi 440 kwa sekunde, lazima isome namba 16 × 440, yaani 7,040. Ikisoma 14,080, sauti hupanda oktava moja. Basi mwendo wa kusoma huamua sauti iwe nene au nyembamba. Umbo la wimbi huamua kama ni filimbi au adungu.

Kwa adungu, sehemu 16 ni chache, tumia 256. Rekodi uzi mmoja, chagua wimbi moja, upime. Kisha angalia mambo mawili. Kwanza, namba ya mwisho iungane vizuri na ya kwanza, la sivyo utasikia mkwaruzo. Pili, sauti ya uzi hufifia, bali jedwali halichoki. Kwa hiyo toa 128 katika kila namba, zidisha kwa kipimo kinachoshuka polepole kutoka 1 hadi 0, kisha rudisha 128.

Vinanda vingi vya umeme huletwa vikiwa na sauti za piano na gitaa. Sisi wa Ediofe tukitaka sauti ya adungu yetu, tusingoje wageni waje kutupimia.

Zoezi: Kwa jedwali la namba 256, kompyuta isome namba ngapi kwa sekunde ili itoe mawimbi 220? (Jibu: 56,320.)