Baba mdogo, tusimame!

Kijana mwenzangu, hebu fikiria: likizo imefika, na familia nzima mnatoka Arusha kwenda harusini Musoma kwa gari la baba mdogo. Saa 12 asubuhi mnauacha Mlima Meru nyuma yenu. Mbele kuna Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, Ngorongoro na Serengeti, mpaka Ziwa Victoria. Raha tupu, au siyo?

Safari hiyo nimeifanya. Wa kwanza kuzidiwa alikuwa mdogo wangu, kwenye kona za kupanda kutoka Mto wa Mbu. Alikuwa ameinamia simu. Sikio la ndani linahisi gari linayumba, macho yanaona kioo kilichotulia, ubongo unachanganyikiwa na tumbo ndilo linaloadhibiwa. Ukisikia kichefuchefu, weka simu pembeni, fungua dirisha na utazame mbali barabarani. Na zile chapati tano za alfajiri? Punguza!

Ngorongoro pale juu ni zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Ukungu, baridi, meno yanagongana. Kama garini kuna mwenye selimundu, sweta na maji ni lazima, kwa sababu baridi na upungufu wa maji vinaweza kumwamshia maumivu makali.

Maji yenyewe sasa. Mimi tangu Arusha nilikunywa mafunda mawili tu. Nilikuwa kwenye siku zangu, na niliona aibu kuomba gari lisimame. Nilifika lango la Naabi kichwa kinagonga kama ngoma. Dada, usinifuate! Pedi hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6, na Serengeti hushuki popote unapotaka, simba wapo. Mwambie mama au shangazi kabla ya kuondoka, mpange vituo: lango la Ngorongoro, Naabi, Seronera. Vyoo vipo.

Tulipopita Seronera ilikuwa saa 8 mchana, tumeshiba. Gari likaanza kufuata majani. Kwenye kioo nilimwona baba mdogo: miayo, macho mazito. Tulikuwa saba, wa nyuma bila mikanda (kosa jingine hilo), na wote kimya. Nani amfundishe mzee kuendesha?

Lakini usingizi hauheshimu umri. Mchana wa saa hizo mwili hulegea wenyewe. Kuongeza sauti ya redio hakusaidii kitu, na kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi. Dawa ni kulala dakika 15 hadi 20, gari limeegeshwa mahali salama.

Moyo ukinidunda, nikasema: "Baba mdogo, samahani, naomba tusimame kidogo. Miguu imekufa ganzi."

Miguu yangu ilikuwa mizima kabisa. Aliegesha pembeni, akajifunika kofia usoni, na kabla hatujamaliza kugawana mahindi alikuwa anakoroma.