Picha Bila Maelezo ni Mali ya Anayeiokota: Somo kwa Wanachuo Wanaotaka Kuuza Picha

Julai 2023, likizo ndefu ya mwaka wa kwanza, nilikuwa nyumbani Bukene, wilaya ya Nzega. Asubuhi moja nilipita kwa jirani yetu, mama ambaye sisi vijana wa mtaa tunamwita Mayu, nikamkuta uani na ungo mkononi, anapepeta mpunga. Jua lilikuwa bado chini, makapi yanapepea kama vumbi la dhahabu. Nikatoa simu.

"Shikamoo Mayu. Naomba nikupige picha."

"Marahaba mwanangu. Piga tu, ila usinikate kichwa."

Nikapiga kama 12 hivi. Miezi michache baadaye, chuoni, bumu limechelewa na mfukoni pamekauka, mtu mmoja wa shirika fulani aliiona moja ya picha zile kwenye status yangu akaiomba. Nikamtumia kwa WhatsApp, akanirushia shilingi 20,000. Siku hiyo nilikula chipsi kuku kama mtu mwenye ajira. Sikuuliza picha inaenda wapi. Sikuandika hata mstari mmoja kuihusu.

Mwaka uliofuata kipeperushi kilifika mpaka Bukene. Mbele yuko Mayu na ungo wake, chini yake maneno ya kuomba michango kwa ajili ya familia zenye njaa. Nilipokwenda kumsalimia hakunipigia kelele. Alinisogezea kigoda, akasubiri nikae, halafu akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, mwaka ule nilivuna gunia 32. Wewe ulikuwepo. Uliwaambia nina njaa?"

Sikuwaambia hivyo. Shida ni kwamba sikuwaambia chochote. Nilitoa picha tupu, na picha tupu humpokea yeyote anayekuja na maneno yake.

Nasoma ualimu, kwa hiyo mnivumilie nikipanga haya kama andalio la somo. Lengo mahususi: ukimaliza kusoma, uweze kuuza picha ya kwenu kwa bei unayoielewa, na bado uweze kurudi kwa mtu aliyemo ndani ya picha ukamwamkia bila kuinamisha macho.

1. Jua unauza nini

Picha ya akiba ni picha uliyopiga bila kutumwa na mtu, ukaitunza ikisubiri mnunuzi. Ni tofauti na kazi ya harusi au mahafali, ambapo mteja anakuita na kukulipa siku hiyohiyo. Mkulima anayeweka mpunga ghalani mpaka bei ipande anaielewa biashara hii kuliko wengi wetu.

Picha za akiba zina matumizi ya aina mbili. Kuna matumizi ya habari na elimu: gazeti, jarida, kitabu cha kiada, makala ya utafiti. Hapo picha inaeleza jambo lililotokea kweli. Halafu kuna matumizi ya tangazo: kuuza sabuni, kunadi benki, kupamba bango. Kwa picha ya habari, mawakala wengi wa kimataifa hawadai fomu ya ridhaa ya kila anayeonekana, lakini wanadai ukweli: usihamishe kitu, usiongeze mawingu, usidanganye mahali. Kwa tangazo wanadai fomu iliyosainiwa. Kipeperushi cha kuchangisha fedha mimi nakiweka upande wa tangazo, maana kinatumia sura ya mtu kumfanya mwingine atoe hela. Mayu alikubali kupigwa picha. Hakukubali kuwa sura ya njaa. Hizo ni ruhusa mbili, na mimi nilikuwa na moja tu.

2. Maelezo ndiyo bidhaa yenyewe

Mhariri wa Nairobi au London hawezi kununua "mama akipepeta". Anatafuta mpunga, mkulima mwanamke, mavuno, Tabora, Tanzania. Kama maneno hayo hayapo, picha yako haipo, hata iwe nzuri namna gani. Kwa hiyo kila picha iandikie maelezo yanayojibu maswali tuliyofundishwa tangu sekondari: nani, nini, wapi, lini, kwa nini. Mahali paandike kuanzia padogo kwenda pakubwa: Bukene, wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora, Tanzania. Kama unauza nje, weka na Kiingereza chake.

Ongeza maneno ya utafutaji 15 hadi 30 yaliyo ya kweli. Usiandike "safari" wala "simba" kwenye picha ya ungo eti ipate watazamaji. Mhariri akidanganyika mara moja harudi tena.

Maelezo hayo yaandike ndani ya faili lenyewe. Programu nyingi za kupanga picha, hata za bure, zina sehemu ya maelezo, jina la mpiga picha na mawasiliano. Na hapa kuna kosa letu sote: ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa ubora, na taarifa hizo zinapotea. Itume kama dokumenti. Au tuma kwanza nakala ndogo pamoja na maelezo, na faili kubwa lifuate malipo yakishaingia.

3. Piga picha pale unapopajua

Andika "Kilimanjaro" kwenye tovuti ya wakala yeyote mkubwa uone utitiri wa picha utakaokuja. Huko utashindana na watu wenye lenzi ya bei ya bajaji. Sasa andika jina la kijiji chenu. Umasikini wa picha za kwenu ndio mtaji wako.

Mimi nikiangalia Bukene naona habari ambazo mgeni wa siku 2 hawezi kuzipata. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, inapita kwetu. Na mwaka 2022 mkataba wa kujenga reli ya kisasa kipande cha Tabora hadi Isaka, kilomita 165, ulisainiwa. Picha ya stesheni ya zamani uliyopiga leo ikiwa imeandikwa tarehe, kesho ni historia, na historia haipigwi mara ya pili. Kuna mpunga, tumbaku, asali na maembe. Kuna Tabora mjini, kituo kikuu cha misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji, njia ya pembe na ya watumwa ambayo Tanzania iliiweka kwenye orodha yake ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Kuna tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone. Sisi walimu watarajiwa tunajua kwamba mtaala mpya una somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Vitabu vinavyoandikwa vinahitaji picha, na mwandishi anayekosa picha sahihi ya Tabora ataweka mchoro au ataacha ukurasa bila picha.

Tengeneza kalenda. Wahariri hawatafuti picha za mavuno siku ya mavuno. Wanapanga kurasa mapema. Piga Nane Nane ya mwaka huu ukiiwazia ya mwaka kesho. Kila likizo chagua mada moja, piga picha 30 zinazosimulia kitu kizima, kuanzia kitalu mpaka sahani, badala ya picha 300 za machweo. Na kwenye stesheni, madaraja, kambi na ofisi za serikali, omba ruhusa kwanza kwa mhusika. Kunyang'anywa simu si sehemu ya biashara.

4. Usitaje bei kabla ya kuuliza

Shilingi 20,000 nilizopewa zilikuwa nyingi au kidogo? Haiwezekani kujua, kwa sababu sikujua nauza nini. Unachouza ni ruhusa ya matumizi. Picha inabaki yako. Kwa hiyo uliza: Nani ataitumia? Kwenye nini? Nakala ngapi? Kwa muda gani na nchi gani? Kubwa kiasi gani, jalada au kona ya ndani? Anaitaka peke yake, au unaweza kumuuzia mwingine? Majibu yakipanuka, bei inapanda. Jalada la kitabu kinachochapwa miaka 5 haliwezi kulingana na picha ya gazeti la kesho.

Kisha andika. Si lazima wakili. Ujumbe unaosomeka unatosha kuanzia. Mimi sasa natumia huu:

"Nakuruhusu kutumia picha hii kwenye toleo moja la jarida lenu, chapa na mtandaoni, kwa miezi 12. Hairuhusiwi kwa tangazo wala kuchangisha fedha. Maana ya maelezo isibadilishwe. Jina la mpiga picha liandikwe. Malipo yafanyike kabla ya kuchapwa. Tafadhali jibu 'Nakubali'."

Mteja akikwambia "tutakutangaza jina", mshukuru, halafu taja bei. Jina halilipi kodi ya geto.

5. Wakala au mteja wa moja kwa moja?

Wakala anakupa soko la dunia, ila anachukua sehemu kubwa. Shutterstock, kwa mfano, tangu Juni 2020 iliweka malipo ya ngazi kati ya asilimia 15 na 40, na kila Januari hesabu ya ngazi inaanza upya. Fanya hesabu: leseni ikiuzwa dola 10 na wewe uko ngazi ya chini, unapata dola 1.50. Toa bando la kupakia picha, uone kinachobaki. Kabla ya kujiunga soma mambo matatu: kiwango cha chini cha kutoa hela, njia ya malipo inayokubali Tanzania, na kama unafungwa usiuze kwingine.

Ushauri wangu: picha za kawaida mpe wakala asiyekufunga. Zile adimu, andaa orodha ya wateja 20 wa hapahapa: magazeti, wachapishaji wa vitabu, watafiti wa chuo chetu, makumbusho, waongoza watalii. Watumie barua fupi yenye picha 6 ndogo na maelezo yake, si kiungo cha picha 500.

6. Sheria na heshima

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki yako inaanza pale unapoitengeneza kazi. Kusajili COSOTA kunakupa ushahidi. Kama umeajiriwa au umepewa kazi kwa mkataba, soma mkataba kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo ilianza kutumika Mei 2023, kwa hiyo sura ya mtu si kitu cha kuchezea. Wenzangu wa ualimu, tukienda mazoezi ya kufundisha tusiuze picha za wanafunzi eti darasa ni letu. Kuna mkuu wa shule na kuna mzazi. Waulizwe, na wakikataa yaishe.

7. Tunza ghala

Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianzisha Camerapix hapa Dar es Salaam mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 20. Dunia inamkumbuka zaidi kwa picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Alifariki Novemba 1996 katika ajali ya ndege iliyotekwa, karibu na Komoro, lakini ghala la picha zake halikufa naye, zinaendelea kutumika. Hiyo ndiyo nguvu ya akiba iliyopangwa. Wewe anza na jina la faili: 2023-07_Bukene_mpunga_001. Weka nakala tatu, moja iwe nje ya geto. Simu ikiibiwa daladala, iibiwe simu tu.

Kumalizia

Niliwaandikia wenye kipeperushi. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili wakajibu kwa upole kwamba nakala zimeshasambazwa. Hilo siwezi kulirudisha, na ile 20,000 niliila zamani.

Nilichoweza ni kuisafisha picha ile kubwa mjini Nzega na kumpelekea Mayu, pamoja na maelezo niliyoyaandika kwa bidii zote: mkulima akipepeta mpunga aina ya supa, Bukene, Julai 2023, baada ya kuvuna gunia 32. Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akacheka.

"Hiyo si supa, ni saro. Na andika kwamba pale sikuwa napepeta ya kula. Ile ilikuwa mbegu."

Mbegu ya msimu unaofuata, ndiyo waliyoiita njaa. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na sikuuliza.

Zoezi la nyumbani: chagua picha moja iliyomo kwenye simu yako sasa hivi, yenye mtu ndani yake. Iandikie maelezo. Kisha mpigie aliyemo, msomee, na usahihishe atakachokusahihisha. Ukishafanya hivyo, ndipo uanze kufikiria bei.